Herbert Baker: Msanifu wa Dola na Majirani Wake wa Kibera na Kawangware

Jijini Nairobi mna majengo mawili ambayo watu wa Kibera na wa Kawangware huyakaribia kila uchao pasipo kujiuliza aliyeyachora ni nani. La kwanza ni Ikulu, iliyojificha nyuma ya miti mikubwa juu ya kilima, kati ya Kibera na kitovu cha jiji. La pili ni Shule ya Nairobi, kandokando ya Waiyaki Way, mwendo usio mrefu kutoka Kawangware mtu akifuata barabara ya James Gichuru. Yote mawili yalitokana na mkono wa mtu mmoja, Sir Herbert Baker, Mwingereza aliyezaliwa na kufunzwa kazi katika enzi ya Malkia Victoria. Baker hakuwahi kuwa mkazi wa Kenya. Alialikwa, akaitazama nchi, akachora, akaenda zake. Ila kwa michoro yake ameacha alama ambayo jiji halijaifuta hadi leo.

Baker alizaliwa tarehe 9 Juni 1862 katika nyumba iitwayo Owletts, kijijini Cobham, jimbo la Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza. Alikuwa miongoni mwa watoto tisa. Nyumba hiyo ilijengwa katika karne ya 17, na huenda ndiyo iliyokuwa mwalimu wake wa kwanza, kwa maana hadi uzeeni Baker hakuacha kuamini kwamba jengo jema ni lile linaloonekana kana kwamba limeota katika ardhi lilipo. Alisoma katika shule ya Tonbridge, kisha mwaka wa 1879 akawekwa chini ya binamuye, Arthur Baker, aliyekuwa msanifu majengo jijini London. Kuanzia mwaka wa 1882 hadi 1887 alifanya kazi katika ofisi ya Ernest George na Harold Peto. Humo ndimo alimofahamiana na kijana mwingine, Edwin Lutyens, mtu ambaye baadaye angekuwa rafiki yake, mshirika wake na hasimu wake, kwa utaratibu huohuo.

Ilikuwa zama ambapo wasanifu wa Uingereza walikuwa wamechoshwa na bidhaa za viwandani. William Morris na wenzake walikuwa wakihubiri kwamba seremala, mwashi na mhunzi wana hadhi sawa na mchoraji, na kwamba nyumba na kiti kilichomo ndani yake ni kazi moja. Baker aliyameza mafundisho hayo. Ndiyo sababu ni vigumu kumweka katika fungu moja. Aliyemtaka achore kanisa alichorewa kanisa; aliyetaka benki, shule, jumba la gavana, makaburi ya wanajeshi au meza ya kulia chakula, vilevile hakukosa.

Mwaka wa 1892 alisafiri hadi Afrika Kusini akifuatana na nduguye aliyetaka kujaribu kilimo cha matunda. Pale Cape alikutana na Cecil Rhodes, na tangu siku hiyo maisha yake yakachukua njia nyingine. Rhodes wakati huo alikuwa Waziri Mkuu wa Koloni la Cape na mmiliki wa migodi ya almasi. Alikuwa amejipatia nyumba kuukuu, Groote Schuur, chini ya Mlima wa Meza, akamkabidhi Baker aitengeneze upya kwa mtindo wa Waholanzi wa kale wa Cape, wenye kuta nyeupe na vipaa vilivyopindwa kwa madaha. Baker alilazimika kutafuta mafundi, kuwazoesha kazi ambazo zilikuwa zimesahauliwa, na kukusanya fanicha na vyombo vya kale. Nyumba ikaungua moto mwaka wa 1896; akaijenga tena.

Rhodes alimwona kijana huyu kuwa chombo cha ndoto yake. Mwaka wa 1900 alimgharimia safari ya kuzuru Italia, Ugiriki na Misri ili akajionee mahekalu na makaburi ya wafalme wa kale, arudi akiwa tayari kulijengea dola la Waingereza majengo ya mizani hiyo. Rhodes alifariki mwaka wa 1902, lakini mwanafunzi wake alikuwa amekwisha kuiva. Ukumbusho wa Rhodes uliopo chini ya kilele cha Devil's Peak, uliofunguliwa mwaka wa 1912, ni kazi ya Baker. Hata Rhodes House mjini Oxford, iliyokamilika mwishoni mwa miaka ya 1920, ni yake. Na juu ya kuba lake alisimamisha ndege wa shaba aliyeigwa kutoka kwa wale ndege wa mawe wa Zimbabwe Kuu. Msomaji atajionea mwenyewe maana ya kumchukua ndege wa kasri la Waafrika na kumweka paani kwa heshima ya mtu aliyewapokonya ardhi yao.

Kazi iliyompa Baker jina duniani ni Union Buildings mjini Pretoria, makao ya serikali ya Afrika Kusini, iliyojengwa kati ya mwaka wa 1910 na 1913. Ni jengo la mawe lenye urefu wa karibu mita 285, limekaa juu ya ngazi za bustani zinazoshuka kilimani. Lina mabawa mawili yaliyo sawa na minara miwili. Katikati lina uwanja wa nusu duara wenye ngazi za kukalia, uliozungushiwa nguzo. Mabawa yale mawili yalikusudiwa kuashiria jamii mbili zilizokuwa zimetoka vitani hivi karibuni na sasa zimeunganishwa, Waingereza na Makaburu. Waafrika, waliokuwa wengi kuliko wote hao, hawakupata bawa. Na si kwamba msanifu aliwasahau, la hasha. Aliwahi kupendekeza pawepo mahali padogo pa wazi bustanini pa kufanyia mabaraza ya wenyeji, ambapo wangeweza kuuhisi utukufu wa serikali pasipo kuingia ndani ya jengo lenyewe. Mahali hapo hapakujengwa.

Pendekezo hilo linaeleza mengi kuliko kitabu kizima cha sifa. Baker hakuwa mtu katili, wala hakuwa na dharau ya waziwazi kama walowezi wengi wa wakati wake. Alikuwa mpole, mcha Mungu, mpenda ishara na mafumbo ya mawe. Lakini kipaji chake kikubwa kilikuwa kupanga nani aingie kwa mlango upi, nani apande ngazi na nani abaki bustanini akitazama juu. Katika sanaa hiyo alikuwa na wachache wa kulinganishwa nao.

Utaalamu huo ndio uliompeleka India. Serikali ya Waingereza ilipoamua kuhamisha mji mkuu kutoka Calcutta hadi Delhi, Lutyens alipewa jumba la Makamu wa Mfalme, na Baker akapewa majengo mawili makubwa ya wizara, pamoja na, baadaye, bunge la mviringo lenye nguzo nyingi lililofunguliwa mwaka wa 1927. Hapo ndipo urafiki wao ulipovunjika. Baker alitaka majengo yake yawe juu ya kilima cha Raisina, sawia na jumba la Lutyens. Lutyens alikubali, akatia saini, na hakung'amua hadi kazi ilipokwisha kuanza kwamba mteremko wa barabara ungelificha jumba lake: mtu anayekuja kutoka chini angeliona, kisha likamezwa na kilima kabla ya kuchomoza tena. Alipigania mteremko ule ubadilishwe kwa miaka mingi, akashindwa. Wasanifu hadi leo hulumbana ni nani kati yao aliyekuwa na haki.

Katikati ya hayo vilizuka Vita Kuu vya mwaka wa 1914 hadi 1918. Baker aliteuliwa kuwa mmoja wa wasanifu wakuu wa tume ya makaburi ya wanajeshi wa dola la Waingereza. Makaburi ya Tyne Cot huko Ubelgiji, yenye makaburi karibu 12,000, ni mchoro wake. Ukumbusho wa Wahindi huko Neuve-Chapelle, Ufaransa, wenye majina zaidi ya 4,700, ni wake pia, na aliupamba kwa ishara za Kihindi. Sheria ya tume ilikuwa ya kiungwana: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina, pasipo kubagua cheo wala dini. Huku Afrika Mashariki sheria hiyo haikufuatwa. Wapagazi wa Kariakoo na askari wengi wa Kiafrika waliofia vitani hawakuandikiwa majina popote. Walipewa masanamu ya jumla mijini Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Mwaka wa 2021 tume yenyewe ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Maamuzi ya Afrika Mashariki hayakuwa ya Baker. Hata hivyo, ni vyema kuyaweka mambo haya bega kwa bega, kwa kuwa baadhi ya askari wa vita hivyo walikuwa na makwao Kibera.

Kibera yenyewe ina historia inayotangulia kuja kwa Baker. Jina lake latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Wanubi walikuwa askari wenye asili ya Sudani walioandikwa katika jeshi la King's African Rifles. Mwanzoni mwa karne ya 20 wakaruhusiwa kukaa na aila zao katika msitu huo ukingoni mwa mji. Mwaka wa 1918 eneo hilo, lenye ekari zipatazo 4,000, lilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi. Walizungumza Kinubi nyumbani na Kiswahili kambini na sokoni, hivyo kwamba Kibera ni miongoni mwa vitovu vya kale vya Kiswahili cha Nairobi, jambo ambalo wanaisimu wa siku hizi, kwa kuvutwa mno na Sheng, hawajalipa uzito wake. Kawangware nayo ilikuwa mashamba ya Wakikuyu upande wa Dagoretti, nje ya mji wa wazungu, na iliingizwa jijini mipaka ilipopanuliwa wakati wa uhuru.

Mwaka wa 1925 Sir Edward Grigg aliwasili Nairobi kuwa gavana. Kabla ya hapo alikuwa katibu wa Wakfu wa Rhodes, na kwa hiyo Baker hakuwa mgeni kwake. Grigg aliamini kwamba koloni lisilokuwa na majengo ya fahari halijaota mizizi. Alimwalika Baker, naye Baker akamweka Nairobi msaidizi wake, Jan Hoogterp, asimamie kazi. Katika miaka michache jumba jipya la gavana likasimama kilimani Nairobi, jingine likajengwa Mombasa likitazama bahari, na shule ya wavulana wa Kizungu ikaanzishwa upande wa Kabete. Mahakama Kuu iliyo katikati ya jiji, ambayo sasa ni makao ya Mahakama ya Upeo, hutajwa pia kuwa tunda la ofisi hiyohiyo. Walowezi walinung'unika juu ya gharama, hususan za majumba ya gavana. Kwa kawaida walowezi walinung'unikia kila kodi iliyowagusa.

Kwa upande wa usanifu tu, majengo haya yana ubora usiokanika. Wazungu wa siku zile waliliogopa jua la ikweta kupita kiasi. Waliamini kwamba miale yake hudhuru ubongo na uti wa mgongo, wakavaa kofia nzito na vitambaa vya kukinga mgongo. Baker aliichukulia hofu hiyo kuwa fursa. Alitumia kuta nene, baraza ndefu zenye nguzo, matao, viwanja vya ndani na paa pana za vigae, mambo ambayo watu wa pwani yetu, wenye nyumba za mawe kutoka Lamu hadi Unguja, waliyajua karne nyingi kabla yake. Katika Shule ya Nairobi mtu aweza kutoka darasa hadi darasa chini ya baraza bila kunyeshewa wala kuchomwa na jua. Wasanifu waliojaza jiji kwa maghorofa ya vioo yanayohitaji mashine za kupozea hewa mchana kutwa wangalifaidika kupitia pale japo mara moja.

Shule hiyo ilifunguliwa mwaka wa 1931 kwa jina la Prince of Wales School. Ilikuwa ya wavulana wa Kizungu peke yao. Wahindi walikuwa na shule zao, Waafrika zao, nazo za Waafrika aghalabu zilikuwa za misheni. Waafrika waliingia Prince of Wales kama wapishi, watunza bustani na wafagizi, na kabla ya hapo waliingia kama vibarua wa ujenzi. Ujenzi wa Nairobi wakati huo ulitegemea mafundi wa Kihindi, walioshika patasi na timazi, na wapagazi wa Kiafrika waliobeba mawe, kila mmoja akiwa na kipande chake shingoni. Michoro ilikuwa ya Kiingereza. Lakini amri za kila siku kati ya msimamizi wa Kizungu, fundi wa Kihindi na kibarua wa Kikuyu au wa Kiluo hazikosi zilitolewa kwa Kiswahili, kibovu au kizuri. Yafaa wanafunzi wa lugha wakumbuke kwamba mwaka wa 1928, mji wa Mombasa ulipokuwa mwenyeji wa mkutano uliochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, Kiswahili kisicho sanifu hata chembe kilikuwa kikisimamisha kuta katika koloni hilohilo.

Mwaka huohuo wa 1928 Kibera iliondolewa mikononi mwa jeshi ikawekwa chini ya utawala wa kiraia. Maofisa walikuwa wakiitazama kama doa: makazi ya Waafrika, yasiyo ya vibarua wa muda, karibu mno na mitaa ya Wazungu. Mwaka wa 1933 Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Sir Morris Carter iliamua kwamba Wanubi walikuwa wapangaji tu katika ardhi ya Mfalme, wakaao hapo kwa hiari ya serikali. Askari aliyestaafu akiwa na nishani hakuruhusiwa kujenga nyumba ya kudumu. Matope, fito na mabati vilitosha, maadamu siku yoyote angeweza kuamriwa kuhama. Kwa hiyo mtu asemaye kwamba Kibera ilijengwa bila mpango hasemi kweli yote. Umaskini wa kuta zake ulikuwa sehemu ya mpango, kama vile unene wa kuta za jumba la gavana ulivyokuwa sehemu ya mpango. Serikali iliyomlipa Baker ndiyo iliyokataza matofali Kibera.

Baker mwenyewe alirudi Uingereza kumalizia miaka yake. Alitunukiwa cheo cha Sir mwaka wa 1926, na mwaka uliofuata akapokea medali ya dhahabu ya taasisi ya kifalme ya wasanifu majengo wa Uingereza. Alijenga India House mwaka wa 1930 na South Africa House katika uwanja wa Trafalgar mwaka wa 1933, zote jijini London. Kazi yake ya Benki ya Uingereza, iliyoendelea hadi mwishoni mwa miaka ya 1930, ndiyo iliyomharibia jina, kwa sababu ili kuijenga upya sehemu kubwa ya jengo maarufu la Sir John Soane ilibomolewa. Mwanahistoria Nikolaus Pevsner aliihesabu hasara hiyo kuwa kubwa kuliko zote zilizoupata usanifu wa mji huo katika karne ya 20. Mtu aliyefunzwa kuheshimu kazi za mafundi wa kale akaishia kuivunja mojawapo ya kazi zao bora. Mwaka wa 1944 alichapisha kitabu cha kumbukumbu zake, Architecture and Personalities. Alifariki tarehe 4 Februari 1946 katika nyumba ileile ya Owletts alimozaliwa, na majivu yake yakazikwa Westminster Abbey.

Alifariki dola lenyewe likiwa limeanza kuporomoka, na majengo yake yakabaki na wenye kuyapokea. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Agosti 1947 uhuru wa India ulitangazwa ndani ya bunge lake la mviringo, ambalo liliendelea kutumika hadi mwaka wa 2023 jengo jipya lilipochukua nafasi yake. Tarehe 9 Agosti 1956 wanawake wapatao 20,000 waliandamana hadi Union Buildings kupinga sheria za pasi, wakazijaza zile ngazi ambazo babu zao walipangiwa kuzitazama kutoka bustanini. Mahali hapo ndipo Nelson Mandela alipoapishwa tarehe 10 Mei 1994.

Nairobi mageuzi yalikuja kwa utulivu zaidi. Jumba la gavana likawa Ikulu, ingawa Mzee Jomo Kenyatta, kama ijulikanavyo, alipendelea kulala kwake Gatundu. Prince of Wales School ilianza kuwapokea wanafunzi wa Kiafrika katika miaka ya mwanzo ya 1960, ikabadilishwa jina, na wavulana kutoka kila kaunti sasa hupita chini ya baraza zake. Mtoto wa Kawangware akifaulu vizuri aweza kuwa mmoja wao.

Kibera ilipungua. Kutoka katika zile ekari 4,000, ardhi ilimegwa kipande baada ya kipande kwa mitaa kama Lang'ata na mingineyo, huku wahamiaji kutoka kila pembe ya nchi wakiongezeka katika sehemu iliyobaki. Wanubi walidai hatimiliki kwa vizazi kadhaa. Mwezi wa Juni 2017, miaka 99 tangu eneo lao litangazwe kuwa hifadhi, serikali ya Kenya iliwakabidhi hati ya pamoja ya ekari 288.